Kitambaa Kwanza, Paka Baadaye

Mama alipofariki mwaka 2020 aliacha vitu vichache: sanduku la kanga, msala, redio ndogo ya betri, na Bibie. Bibie ni paka jike, mweupe, ana mabaka meusi mgongoni na doa moja dogo pembeni mwa pua lililomkaa kama kipini. Mama alimwokota wakati wa masika ya 2016 kwenye mfereji wa mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, akiwa hajai hata kiganja, amelowa, macho yameganda kwa tongo. Tangu siku hiyo hawakuachana. Mama akitawadha, Bibie yuko pembeni ya ndoo. Mama akisali, Bibie amejikunja ukingoni mwa msala. Wageni wakishangaa, mama aliwajibu kwa maneno ya Mtume, kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili: korido imekata katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma kuna jiko, choo, na mwembe ulioinamia ukuta wa jirani. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele kushoto ndimo ninamoshonea, kinachofuata nimeweka vitambaa, na chumba cha mama ni cha mwisho kulia, karibu na mlango wa uani. Naeleza mpangilio huu kwa sababu kosa langu kubwa lilikuwa la chumba.

Baada ya msiba Bibie akaanza kulia. Kila magharibi, adhana ikimalizika, alikwenda kukaa mbele ya mlango wa mama akatoa sauti ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuwa na njaa, hakuwa anatafuta dume, maana alishafungwa kizazi tangu ana mwaka mmoja. Arobaini ikapita, mwaka ukakaribia kwisha, na kilio kiko palepale. Kila aliyekuja kuchukua nguo alikuwa na neno moja: "Mpweke huyo. Mletee mwenzake."

Nami nikaamini. Nilimwona Bibie kama ninavyojiona mimi, mtu aliyefiwa anayehitaji kusemeshwa. Hakuna aliyeniambia, wala sikujiuliza, kama paka mzima aliyezoea kukaa peke yake miaka mitano anamhitaji paka mwingine, au anahitaji kitu kingine kabisa.

Mwaka 2021 mteja wangu mmoja wa Raskazone alikuwa anahama na hakuweza kumchukua paka wake, dume la miezi minane hivi, rangi yote kijivu. Nilimwita Jivu. Nilimleta kwa bajaji ndani ya kapu lililofungwa kwa kanga, njia nzima akilia kwa sauti ya chini. Nilipofika nyumbani sikufikiri mara mbili. Nikaingia naye moja kwa moja chumbani kwa mama, ambamo Bibie alikuwa amelala kitandani, nikaweka kapu sakafuni, nikafungua.

Nilitaka waonane. Nilidhani wakionana ndiyo wamejuana.

Jivu alitoa kichwa. Bibie akafumbua macho. Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, hakuna aliyepumua, hata mimi. Halafu masikio ya Bibie yakalala kichwani, mkia ukatuna kama wa kicheche, akafoka kwa kishindo mpaka mate yakaruka, na kabla sijanyoosha mkono alikuwa ameshamrukia. Jivu alijibanza nyuma ya kabati la mama na hakutoka mpaka usiku wa manane.

Siku zilizofuata zilikuwa vita. Bibie alikaa katikati ya korido kama askari wa getini, akimkodolea macho tu. Sikujua kwamba kule kukodoa macho bila kupepesa ni ugomvi tosha. Nilidhani maadamu hawapigani basi wametulia. Kumbe Jivu alishindwa kupita kwenda kwenye beseni la mchanga, akawa anajisaidia nyuma ya kabati. Bibie naye, ambaye tangu utoto hakuwahi kuchafua ndani, alipanda kitanda cha mama akakojoa upande wa mto. Siku hiyo nilimfokea. Nalikumbuka hilo mpaka leo, kwa sababu alikuwa ananieleza jambo kwa lugha pekee aliyonayo: kitanda hiki ni changu na cha mama, na umekitia mgeni.

Jirani yangu wa kushoto, ambaye alikuwa shoga wa mama na mimi namwita mama mkubwa, alinishauri niwaache. "Mwanangu, wape nafasi wapigane, mshindi akijulikana nyumba itatulia." Nikawaacha. Siku ya sita, alasiri, waligombana uani. Nilisikia bati la jiko likilia kwa kucha, nikatoka na futikamba shingoni, nikamwona Jivu akipanda mwembe, akakanyaga ukuta, akaruka upande wa pili. Hakugeuka.

Nilimtafuta majuma mawili. Nilipita barabara moja baada ya nyingine za Ngamiani na dagaa mfukoni, nikiita, nikawaahidi watoto zawadi. Usiku nilikaa uani taa imezimwa, mlango wazi. Sikumpata. Hata leo nikiona paka wa kijivu juu ya bati, popote mjini, huwa nasimama na kuita jina lake.

Na Bibie hakurudi kuwa sawa mara moja. Mgeni kaondoka, lakini yeye kagoma kula. Siku ya kwanza nikasema ni hasira, siku ya pili nikaingiwa na hofu. Mama mkubwa akaleta kidonge cha panadoli tukate robo, kwa sababu alimshika akamwona wa moto. Namshukuru Mungu kwamba nilipiga simu kwanza kwa daktari wa mifugo. Alipandisha sauti: "Mama, usithubutu! Panadoli ni sumu kwa paka." Akanieleza kwamba mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Akataka nimlete saa ileile, maana paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini na likaharibika. Bibie alipewa maji chini ya ngozi, akachomwa sindano ya kumrudishia hamu ya kula, na jioni yake alilamba supu ya kibua kutoka kidoleni kwangu.

Nilipokuwa nasubiri kulipa, nikamsimulia daktari habari za Jivu. Hakunilaumu. Alisema kitu ambacho nilikibeba mpaka nyumbani: kwa binadamu nyumba ni kuta na mlango, kwa paka nyumba ni harufu. Bibie kila siku anapitisha mashavu yake kwenye miguu ya cherehani, kwenye fremu za milango, kwenye gauni langu. Mashavuni ana tezi zinazoacha harufu, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake na pako salama. Mimi nilimletea ghafla harufu nzima ya paka asiyemjua, tena ndani ya chumba ambacho bado kilikuwa na harufu ya mama. Nilitoka pale nikijiapiza sitaleta paka tena.

Machi mwaka 2022, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi kununua vibua. Chini ya meza ya muuzaji palikuwa na paka mdogo, wa rangi ya chungwa, mguu wa nyuma umezongwa na mshipi wa kuvulia mpaka umekata ngozi. Wachuuzi walikuwa wakimrushia matumbo ya samaki, hawakuwa na ubaya naye, lakini hakuna aliyeweza kumshika. Alinijia mimi. Nilisimama nikijiambia mambo mengi, kisha nikamfunga kwenye kanga. Nilimwita Kibua.

Safari hii sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa daktari. Akaukata ule mshipi, akasafisha kidonda, akamkadiria miezi minne, akamkuta na utitiri masikioni, minyoo, na viroboto. Unga wa viroboto niliokuwa nao nyumbani, wa mbwa, aliniambia niutupe. Nyingi katika dawa hizo zina permethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka inamuua. Akampa dawa yake, akamchanja kichaa cha mbwa na chanjo ya magonjwa ya paka, na akanikazia jambo moja: wiki mbili, asipumue hewa moja na Bibie. Kuna ugonjwa wa panlukopenia, kuhara na kutapika kunakomaliza paka wadogo kwa siku chache, na virusi vyake vinaweza kukaa sakafuni hata mwaka mzima. Sabuni haiviui. Jiki iliyochanganywa na maji inaviua.

Kwa hiyo chumba kikawa swali la kwanza. Cha mama, hapana. Nilichagua chumba cha vitambaa, ambacho Bibie hakukijali kwa sababu huwa nakifunga. Nilitoa marobota nikaacha mawili, nikaweka beseni la mchanga pembe moja, chakula na maji pembe ya mbali, na boksi lililolazwa ubavu ili awe na pa kujificha. Nilimwomba binti yangu amfungie Bibie chumbani kwa mama na vibua viwili, nami nikapita na Kibua mlango wa mbele, kapu limefunikwa gubigubi. Nyuma ya mlango nilitundika dera kuukuu. Nikiingia nalivaa, nikitoka nalivua na kunawa mpaka kwenye viwiko. Mfereji wa jasho ulinitiririka kila siku, lakini sikuruka hata mara moja.

Mama mkubwa hakupendezwa. Alisimama koridoni akasikia kile kilio chembamba, akasema, "Mwanangu, Ramadhani hii unamfungia paka? Hukumbuki habari za yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka?" Yaliniingia, kwa sababu nilikuwa bado na deni la Jivu moyoni. Lakini nilimjibu kwa adabu kwamba yule mwanamke alimfunga paka wake bila chakula wala maji, na hakumwachia ajitafutie. Kibua alikuwa na samaki, maji, dirisha lenye nondo na wavu la kutazamia kuku wa watu, na mimi nilikaa naye saa nzima mchana na saa nyingine baada ya kufuturu. Aliyemfungia Jivu ni mimi wa mwaka jana, niliyemwacha huru ndani ya nyumba asiyoweza kupita koridoni.

Daktari alipomwona tena na kuridhika kwamba ni mzima, ndipo kazi yenyewe ilianza. Na kazi yenyewe ilikuwa ya vitambaa.

Fundi cherehani yeyote anajua Ramadhani ni mwezi gani. Nguo za Idi zinaletwa kwa fungu, unakata usiku, unashona mpaka daku, na sakafu inajaa mabaki. Nilichukua vipande vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, nikavikata ukubwa wa leso. Kimoja nilimpangusa nacho Kibua kuanzia pembe ya mdomo kwenda sikioni, huku na huku, pole pole, mpaka akaanza kukoroma. Kingine nilimpangusa Bibie vilevile. Kisha nikawabadilishia.

Kibua alipopewa cha Bibie alijiviringisha juu yake akalala. Bibie hakuwa hivyo. Nilikiweka hatua mbili kutoka kwenye bakuli lake, si chini yake, maana sikutaka akose pa kula. Alikuja akitembea kawaida, akasimama ghafla kama aliyeitwa. Akanyoosha shingo, akanusa ukingo mmoja, akanusa wa pili. Halafu akanyanyua kichwa, mdomo nusu wazi, mdomo wa juu umekunjamana kidogo, macho yanatazama mbali. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Daktari alikuwa ameshaniambia: paka ana kiungo cha pili cha kunusia, kiko kwenye kaakaa, na akifungua mdomo namna ile anaivuta harufu ndani aisome vizuri. Basi Bibie alikuwa anamsoma Kibua. Pengine jinsia yake, umri wake, hata ugonjwa aliotoka nao. Alipomaliza alikifokea kile kitambaa mara moja, akageuka, akaenda zake bila kula.

Nilikisogeza mbali zaidi. Kesho yake alifoka tena, lakini alikula. Siku ya tatu alikula amekipa mgongo. Kila asubuhi nilikipeleka kwa Kibua kikaongezwe harufu na kurudishwa. Ilikuwa siku ya sita au ya saba nilipotoka kuswali nikamkuta amelala sakafuni, kidevu chake kiko juu ya pindo la kile kitambaa. Sikumgusa. Nilirudi kwenye cherehani nikakaa bila kushona, machozi yananitoka.

Baada ya hapo nikaanza kuwalisha mlangoni. Mwezi wenyewe ulinisaidia, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inakula saa zilezile. Wakati wa futari na wakati wa daku, Bibie alipata bakuli lake koridoni na Kibua lake ndani, mlango ukiwa umefungwa katikati yao. Nilianza mbali, bakuli zote hatua nne kutoka mlangoni, na kila mlo uliokwenda vizuri nikalisogeza la Bibie shibiri moja. Niliweka alama za chaki sakafuni, ile chaki ya fundi. Chakula kilikuwa kizuri kuliko cha siku zote: dagaa wabichi waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu nacho kinaharibu damu ya paka. Nilitaka Bibie akisikia harufu ya Kibua, kitu cha kwanza kumjia kichwani kiwe dagaa.

Siku moja nilikuwa na magauni tisa ya kumaliza, nikasogeza shibiri tatu kwa mkupuo. Bibie aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaondoka. Nikarudi kwenye alama ya juzi, tukaanza upya kutoka pale.

Walipoweza kula pua zao zikiwa zimetenganishwa na ubao tu, nilianza kuwabadilishia vyumba. Nikiwa na Bibie chumbani kwa mama, binti yangu alimfungulia Kibua akazunguka korido. Aliporudi kwake, Bibie alitoka akapita kila alipopita mwenzake, akinusa kama mtu anayefuata nyayo mchangani. Halafu tukamfungulia Bibie chumba cha vitambaa, Kibua akiwa uani. Aliingia, akakagua boksi, akakagua robota moja moja, akapitisha shavu lake kwenye kona ya robota la juu. Pale nilijua tumefika mbali.

Jirani seremala alinitengenezea fremu ya mbao yenye wavu wa kuku, ya kukaa mlangoni mahali pa ubao. Nilitundika pazia mbele yake, nikalipandisha kidogo kidogo kila siku, kwanza kipimo cha kiganja, waonane miguu tu. Hapa ndipo nilipopata kovu nililonalo mkononi. Ilikuwa usiku wa mvua, pazia liko juu nusu, Bibie amekaa akimtazama Kibua, mkia unachapa sakafu kidogo. Mara radi ikapiga karibu sana. Wote wawili waliruka, manyoya juu, na mimi badala ya kushusha pazia nikainama kumnyanyua Bibie. Hakuwa ananiona mimi. Alinikamata mkono wa kushoto kwa kucha na meno, akakimbilia chini ya kitanda.

Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, kama tulivyofundishwa siku ya kampeni ya kichaa cha mbwa, Septemba 28, ingawa wote wawili walishachanjwa. Asubuhi nikaenda zahanati nikachomwa sindano ya pepopunda. Bibie sikumwadhibu. Paka aliyeshikwa na hofu hashikwi kwa mikono. Unamtilia mto au kipande cha boksi katikati asione kinachomtisha, unazima taa, unamwacha. Ilimchukua siku mbili kutulia, nami nikashusha pazia mpaka chini nikaanza tena na miguu.

Idi ikaja mwanzoni mwa Mei. Nyumba ilijaa, watoto wa ndugu zangu kutoka Muheza na Pangani wote walitaka kuona "paka wawili wakiungana." Nilikataa. Walinuna, shemeji yangu akasema nimezidi kudekeza wanyama, na fremu ikabaki mlangoni na kufuli ndogo. Siku ile ya kelele, pilau na viatu vya wageni haikuwa ya kumwongezea paka mzigo mwingine.

Nilifungua siku kumi baadaye, asubuhi ya kawaida, mimi na binti yangu tu. Kila paka alikuwa ameshiba nusu. Binti alimchezesha Kibua kwa upapi wa kitenge uliofungwa kwenye ufito, si kwa uzi, kwa sababu uzi kwenye nyumba ya fundi ni hatari. Paka akiumeza unamkusanya utumbo kama nguo iliyovutwa uzi, na mimi sindano na nyuzi zote nilishazitia kwenye kopo lenye mfuniko. Mimi nilikaa na Bibie upande wa pili. Kibua alimwona, akaja mbio kwa furaha ya kitoto. Bibie akafoka mara moja, kwa kifupi. Kibua akasimama, akakaa chini, akageuza uso pembeni. Bibie akapepesa macho taratibu. Dakika tano zikatosha, tukafunga. Kesho yake dakika kumi. Mwishoni mwa Juni fremu ilirudi kwa seremala, akaifanyia banda la kuku.

Mengine yalikuwa ya matengenezo. Mabeseni ya mchanga ni matatu kwa paka wawili, sehemu tatu tofauti, ili asiwepo wa kumzibia mwenzake njia. Bakuli hazikai pamoja. Kibua alipokaribia miezi saba akaanza kurusha mkojo ukutani, tukampeleka kuhasiwa, na tabia hiyo ikakoma ndani ya mwezi. Mpaka leo hawalali wamekumbatiana, na sitarajii. Asubuhi Bibie ndiye anayelala juu ya meza ya cherehani; ikifika alasiri anashuka mwenyewe, na Kibua anapanda. Nani aliyewapangia zamu hizo, mimi sijui.

Na kile kilio cha magharibi hakikuisha kwa ajili ya Kibua. Kiliisha pale nilipoelewa kwamba saa ile ndiyo mama alikuwa akikaa chumbani na msala wake na redio yake, na kwamba Bibie hakuwa akimlilia paka. Siku hizi nikimaliza swala ya magharibi siondoki. Nabaki juu ya msala wa mama mpaka isha, redio iko chini kwa sauti ndogo, na Bibie anajikunja ukingoni palepale alipokuwa akijikunja. Chumba kile hatumruhusu Kibua, naye hajawahi kulazimisha. Hulala koridoni, upande wa pili wa pazia, amepitisha mguu mmoja chini ya pindo, ule wenye alama ya mshipi. Bibie huutazama ule mguu, kisha hufumba macho.